Malale: jina linasema nusu tu

Siye tunasema "malale" kama vile kazi ya ugonjwa huu ni kulalisha mtu tu. Mawimbi ya ubongo yanasema kingine.

Mji wetu ulianza 1910, ukiitwa Élisabethville. Mwaka ule ule, mwezi wa 10, misheni ya kisayansi ya munganga Jérôme Rodhain ilianza kazi Katanga, ikaendelea mpaka 1912, sana sana upande wa Bukama na Sankisia. Migodi na reli vilitaka wafanyakazi, na mbung'o alikuwa njiani. Rodhain alikuwa na darubini na sindano: alipima damu, tezi za shingo, maji ya uti wa mgongo. Usingizi wenyewe? Hakuna aliyeweza kuupima. Hans Berger, kule Jena, alinasa mawimbi ya ubongo wa mtu mara ya kwanza 1924 tu, na hatua za usingizi zikapangwa Marekani 1937. Mwaka 1953 Aserinsky na Kleitman, Chicago, wakaona ile hatua ambayo macho yanakimbia chini ya kope, na mawimbi yanafanana na ya mtu aliye macho. Ndoto nyingi ziko pale.

Mtu mzima asiye mgonjwa hafiki pale mara moja. Anapita kwanza usingizi mwepesi, halafu mzito, wenye mawimbi makubwa ya polepole, na kisha dakika kama 90 ndiyo macho yanaanza kukimbia.

Munganga Mfaransa Alain Buguet na wenzake Waafrika walifunga elektrodi kwenye vichwa vya wagonjwa wa malale, saa 24, Côte d'Ivoire na Kongo-Brazzaville. Kumbe wagonjwa hawa hawalali kupita siye! Usingizi wao umekatika vipande-vipande, mchana na usiku, na mara nyingi wanatoka macho wakiangukia moja kwa moja kwenye ile hatua ya mwisho. Walipotibiwa, mpangilio ulianza kurudi.

Na matibabu yalikuwa nini? Melarsoprol, dawa ya aseniki tangu 1949, iliyoua karibu mgonjwa 1 kwa 20. Ndiyo maana kujua kama mdudu ameshafika ubongoni halikuwa jambo dogo. Vidonge vya fexinidazole vilikubaliwa hapa Kongo 2018 tu, na wagonjwa wengi wa Afrika wangali kwetu. Nyumbani, anayezunguka usiku na kusinzia mchana bado anaitwa mvivu, ao mchawi, mbele ya kupelekwa kupimwa damu.