Draivu hewa, Windows XP na harusi iliyokwama ndani ya CPU

Mwezi uliopita mama jirani alinitumia CPU kwa boda, imefungwa ndani ya gunia la viazi ndiyo isinyeshewe. Wanaoijua Mau Narok wanaelewa. Nikaiwasha: Windows XP, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga unga.

"Kijana wangu," aliniambia kwa simu, "humo ndani kuna harusi yangu ya 2006. Albamu iliungua na nyumba 2008. Hiyo kompyuta ilipona kwa sababu ilikuwa kwa kaka yangu Nakuru."

Nilikosa la kusema. Familia nyingi za Bonde la Ufa zilipoteza nyumba kwenye zile ghasia za baada ya uchaguzi, na enzi hizo picha hazikuwa zimekaa kwa simu zikingoja kurudishwa.

Video ilikuwepo, lakini kama faili la .mdf. Hilo linahitaji programu ya draivu hewa ili lisomeke, na hiyo programu mtu alishaitoa nusunusu. Mbaya zaidi, hata draivu halisi ya DVD ilikuwa imepotea kwa My Computer. Ndani ya Device Manager kuna alama ya njano na maneno Code 39.

Kabla sijawaambia nilivyofanya, wacha niwarudishe nyuma. Hili tatizo lina historia, na lina wenye makosa.

Mwaka 1985 watu wa kampuni za kompyuta walikutana kwenye hoteli ya High Sierra, karibu na Lake Tahoe kule Marekani, wakaanza kukubaliana jinsi faili zitakavyopangwa ndani ya CD. Kutokana na mapatano hayo, 1988 kikatoka kiwango cha ISO 9660. Ndiyo maana nakala kamili ya diski huitwa ISO mpaka leo.

Kwetu hiyo ilikuwa na maana kubwa. Kabla nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa 2009, intaneti ya Kenya ilikuja kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Programu, sinema, hata ensaiklopidia ya Encarta, vilisafiri kwa CD ya MB 700 au DVD ya GB 4.7. Diski ndiyo ilikuwa intaneti yetu. Na vumbi la barabara zetu halina huruma: diski zinakwaruzika, jicho la draivu linakufa. Kwa hivyo fundi mjanja aliinakili diski nzima ndani ya kompyuta, kisha akaweka draivu hewa iisome.

Wakenya tunawajua wafanyakazi hewa: jina liko kwa rejista, mshahara unatoka, mtu hayupo. Draivu hewa ni hivyo hivyo. Windows inaona draivu, inaipa herufi, lakini hakuna chuma. Tofauti ni kwamba hii inafanya kazi.

Sasa vita. Watengenezaji wa gemu waliweka kufuli kama SafeDisc na SecuROM, za kukagua kama diski ni ya asili. Mwaka 2000 ikaja Daemon Tools, mrithi wa programu iliyoiga kufuli ya SafeDisc. Gemu zikaanza kuwinda draivu hewa. Draivu hewa nazo zikajificha ndani zaidi ya mfumo, kwa kijiprogramu kinachoitwa SPTD. Sitawadanganya kwamba ilikuwa haki tupu. Gemu za wizi zilipita humo, na nilicheza nyingi.

Lakini kampuni nazo hazikuwa malaika. Oktoba 2005, Mark Russinovich alifichua kwamba CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zinajipandikiza kisiri kwenye Windows. Alipofuta zile faili, draivu yake ya CD ikapotea. Ni ugonjwa ule ule wa CPU ya mama jirani! Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi ilikuwa Windows XP yako.

Kwa nini draivu inapotea? Windows ina orodha ya vichujio, UpperFilters na LowerFilters, ndani ya rejista yake. Kila ombi la kusoma diski hupita kwa hao waliosajiliwa. Ukitoa programu vibaya, mwenyewe ameenda lakini jina limebaki. Windows inaita jina, hakuna anayejibu, inakataa kufungua draivu yote.

Nilichofanya, kwa mpangilio:

Kwanza, toa faili kabla ya kurekebisha chochote. Flashi yangu ya GB 16 ilikataa, eti imejaa, na haina kitu. Sababu ni FAT32, ambayo haibebi faili moja linalozidi GB 4. Niliifomati upya kwa NTFS kwenye laptopu yangu, ikapita.

Pili, nikafungua regedit, nikahifadhi nakala ya ufunguo wa Class unaoanza na 4D36E965, ndipo nikafuta UpperFilters na LowerFilters. Nikazima, nikawasha. Draivu ya DVD ikarudi. Ukifanya hivi, programu zako za kuchoma CD huenda zikahitaji kuwekwa upya.

Tatu, lile .mdf halikuhitaji draivu hewa ya zamani. Nakala ya DVD mara nyingi ni ISO tu yenye jina lingine. Kwenye nakala ya laptopu nilibadilisha mwisho kuwa .iso, nikabofya kulia, Mount. Windows ina uwezo huo yenyewe tangu Windows 8 ya 2012. Nakala za CD ni ngumu zaidi, hizo zitafutie programu ya kubadilisha.

Hapa ndipo maoni yangu yalipo. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Septemba 2015 ikazima SafeDisc hata kwa Windows 7, kwa sababu ya usalama. Aliyenunua gemu ya asili kwa pesa yake akafungiwa nje. Aliyevunja kufuli akaendelea kucheza. Kufuli za kampuni hazidumu, na ujanja wa kuzivunja pia haudumu. Kilichodumu tangu 1988 ni kile kiwango cha wazi ambacho kila mtu anaruhusiwa kukisoma.

Mama jirani alikuja Jumapili. Gauni hakuliangalia sana. Alisimamisha video mahali wanawake wanapika nje, akaniuliza kama naweza kutoa picha ya huyo wa kushoto, mwenye kitambaa cha bluu. Ni mamake. Hana nyingine.

Wasee, kama kwenu kuna CPU imelala stoo, au kava la CD chini ya kitanda cha wazazi, anza wikendi hii. Nakili kwa ISO au MP4, weka sehemu mbili. Hizo diski hazitangoja Krismasi ukirudi nyumbani.