Bibi Titi, Kibiti na Kifungo Kisicho na Tarehe

Mwaka 1971, baada ya kesi ya uhaini iliyochukua siku 127 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, Bibi Titi Mohamed alihukumiwa kifungo cha maisha. Watu wa Rufiji walikuwa na sababu yao ya kuisikiliza hukumu ile kwa makini. Huyu ndiye aliyekuwa mbunge wao hadi walipomnyima kura mwaka 1965, na kabla ya hapo ndiye aliyewatoa wanawake majumbani wakajaza mikutano ya TANU. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa huruma ya Mwalimu, na huruma kweli ilikuwepo. Lakini kina somo jingine ambalo halisemwi. Mahakama ilitamka maisha, na mwaka uliofuata aliyehukumiwa akawa yuko nje. Siku yake ya kutoka haikupangwa na jaji wala haikuandikwa katika sheria yoyote. Ilikaa moyoni mwa mtu mmoja Ikulu. Kifungo kisicho na tarehe, hata kinapoisha vizuri, huiondoa haki mikononi mwa mahakama na kuifanya fadhila, na fadhila humkumbuka kwanza anayejulikana.

Sheria zenyewe zinathibitisha hilo. Mfungwa wa miaka kumi hupata punguzo la kawaida la theluthi, na akionyesha mwenendo mwema anaweza kufikiriwa kwa parole. Wa maisha hana punguzo, kwa kuwa huwezi kukata theluthi ya kitu kisicho na mwisho. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 nayo ilimweka nje tangu mwanzo. Anayebakiwa na ibara ya 45 ya Katiba, yaani msamaha wa Rais, hana cha kudai bali cha kuomba. Sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli akiwa Dodoma alitangaza msamaha kwa wafungwa zaidi ya 8,000, wakiwemo 61 wa kunyongwa na wa maisha. Nchi nzima ilizungumza habari za wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha. Ni kweli kwamba katika wale 61 walikuwemo watu wasio na jina, na mzee wa miaka 85, kwa hiyo si haki kusema msamaha huwaona wanamuziki peke yao. Hata hivyo, mvuvi wa Mbwera au Salale aliyefungwa maisha hawezi kuishi kwa kungojea sikukuu ambayo huenda orodha yake isimtaje.

Wapo pia wasiohukumiwa kabisa. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kesi. Marekebisho ya 1985 yalifungua mlango wa kuipinga amri hiyo mahakamani, na Tume ya Nyalali mwaka 1992 iliiweka katika orodha ya sheria 40 kandamizi. Lakini sheria hizi hufanya kama Mto Rufiji, ambao maji yake yakikauka katika mkondo mmoja wa delta hujaa katika mwingine. Leo mkondo mkuu ni mahabusu. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinazuia dhamana kwa mauaji, ugaidi, utakatishaji fedha na makosa mengine, na Mahakama ya Rufani ilikithibitisha mwaka 2020. Upelelezi usipokamilika, kesi hutajwa, huahirishwa, hutajwa tena. Masheikh wa kundi la Uamsho la Zanzibar walikaa ndani miaka mingi hadi Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi. Mwaka 2022 Bunge lilitaka upelelezi ukamilike kabla ya mtu kufikishwa mahakamani, likayaacha nje makosa makubwa, yaani pale pale ambapo watu husubiri muda mrefu zaidi.

Anayepinga hoja hii atataja Kibiti, na anastahili jibu la dhati. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa katika ukanda wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 peke yake askari wanane waliuawa. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku, watu wakakimbia vijiji vyao, na Serikali ikaanzisha mkoa wa kipolisi wa Rufiji. Nani angethubutu kuwaambia wajane wale kwamba watuhumiwa waachiwe? Hakuna anayesema hivyo. Kinachodaiwa ni kesi. Mahabusu isiyo na ukomo haiwapi wafiwa hukumu wala haiwaambii nani aliua na kwa nini. Na iwapo aliyeko ndani si muuaji, basi muuaji yuko nje. Na kama hoja ni kwamba mtu ni hatari, hatari hupimwa, na kipimo huhitaji kurudiwa. Uingereza ilianza mwaka 2005 kutoa vifungo visivyo na ukomo kwa waliodhaniwa hatari, ikavifuta 2012 bila kuwagusa waliokwisha kufungwa, na maelfu wakaendelea kusota kwa sheria iliyokwisha kukataliwa. Mageuzi yoyote hapa yasipowahusu walioko ndani tayari yatarudia dhuluma hiyo hiyo.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais Samia ripoti yake, kwa hiyo mjadala uko wazi. Madai ya kupeleka ni mawili. Kwanza, wa maisha apangiwe idadi ya miaka ambayo baada yake bodi itakuwa na wajibu wa kumsikiliza na kutoa sababu za kumkatalia. Pili, mahabusu wa kosa lolote, hata ugaidi, awe na siku ambayo Jamhuri lazima iwe imeanza kuita mashahidi, la sivyo hakimu awe na uwezo wa kutoa dhamana. Mama wa delta anayekwenda kumwona mwanawe katika gereza la Ukonga hungoja maji yajae, apande mashua hadi Nyamisati, kisha atafute gari. Safari hiyo ataifanya mara nyingi bila kulalamika. Lakini akifika dirishani na kuuliza lini, afisa awe na tarehe ya kumsomea.