Rock and roll: muziki wa zamani uliopata jina jipya

Machi 1951, bendi ya Ike Turner ilitoka Mississippi kwenda Memphis, Tennessee, kurekodi kwenye studio ya Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart iliharibika. Spika yake ilikuwa imechanika. Phillips aliishindilia karatasi, akawaambia wapige hivyo hivyo. Gitaa likatoka na mkwaruzo mzito, naye badala ya kuuficha akauweka mbele. Wimbo huo, "Rocket 88", wa kusifia gari la Oldsmobile, ulishika namba moja kwenye chati ya rhythm and blues, na wapo wanaoutaja kuwa rock and roll ya kwanza.

Wengine hawakubali, nao wana hoja. Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Arkansas aliyelelewa kanisani, alishalicharaza gitaa la umeme miaka ya 1940 akiimba Injili kwa mdundo wa kuchezeka. Kabla yake kulikuwa na bluzi za mashamba ya pamba na piano za boogie-woogie, muziki ambao Wamarekani Weusi waliohamia kaskazini kutafuta kazi za viwandani walikwenda nao hadi Chicago na Detroit.

Kilichobadilika miaka ya 1950 ni wanunuzi. Mtangazaji Mzungu Alan Freed alianza mwaka 1951 kupiga santuri za Weusi usiku kwenye redio mjini Cleveland, akaziita rock and roll. Maneno hayo Weusi walikuwa nayo siku nyingi, kwa maana ya kucheza dansi na ya mambo ya chumbani. Vijana wa Kizungu walitega sikio. Machi 21, 1952, dansi aliyoiandaa ilifurika watu kupita kiasi, ikavunjwa mapema.

Wanunuzi walipoongezeka, fedha hazikuwafikia wote. Julai 1954, Elvis Presley, kijana wa miaka 19, alirekodi kwa Phillips huyo huyo "That's All Right", wimbo wa Arthur Crudup. Presley alitajirika, Crudup alifariki mwaka 1974 akiwa bado anadai mirabaha. Mwaka 1955 Chuck Berry alitoa "Maybellene", kisha akagundua kwamba Freed ameandikwa kuwa mtunzi mwenza. Freed hakuwa ametunga hata mstari. Kazi yake ilikuwa kuupiga redioni, na kwa hilo akagawiwa mapato ya utunzi. Berry alihangaika miongo kadhaa ndipo wimbo ukarudi kuwa wake peke yake.