Kronstadt, Machi 1921

Ngome ya Kronstadt ipo katika kisiwa cha Kotlin, magharibi mwa Petrograd, mji unaoitwa leo Saint Petersburg. Mabaharia wake walikuwa nguzo ya mapinduzi ya Oktoba 1917 yaliyowapa Wabolsheviki, yaani wakomunisti, madaraka nchini Urusi. Miaka mitatu baadaye nchi ilikuwa na njaa, na wakulima walinyang'anywa nafaka kwa mtutu wa bunduki. Mabaharia wa Kronstadt wakadai uchaguzi mpya wa mabaraza ya wafanyakazi kwa kura ya siri, uhuru wa kusema na kuandika, na kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa wa vyama vya kisoshalisti. Hawakutaka mfalme arudi. Walidai yale ambayo mapinduzi yenyewe yaliahidi. Serikali ya Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki, iliwaita wasaliti.

Jeshi Jekundu la serikali hiyo, chini ya kamanda Tukhachevsky, lilivuka bahari iliyoganda kuwashambulia. Shambulio la kwanza lilishindwa, lakini tarehe 18 Machi ngome ilitekwa. Maelfu walikimbilia Ufini juu ya barafu. Mamia walipigwa risasi, wengine wakapelekwa makambini.

Mwezi huohuo, Mkutano Mkuu wa 10 wa chama cha Wabolsheviki ulipiga marufuku makundi ndani ya chama, kanuni ambayo baadaye Stalin, aliyetawala baada ya Lenin, aliitumia kuwanyamazisha wapinzani wake. Waasi wa Kronstadt walirudishiwa heshima mwaka 1994.