Roketi za Shaba: Kampuni ya OTRAG na Ardhi Iliyoitwa Tupu, 1975-1979

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Likasi kwa gari-moshi hupita Kapolowe, katika bonde la mto Lufira. Maji mapana yaliyo karibu na hapo, yaani ziwa Tshangalele, si kazi ya maumbile. Yalikusanywa na bwawa la Mwadingusha, ambalo mitambo yake ilianza kuzalisha umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Union Minière. Leo ziwa hilo ni riziki ya wavuvi, na samaki wake huuzwa katika masoko ya mjini. Hata hivyo, uamuzi wa kuligeuza bonde kuwa ziwa haukutoka kwa wakazi wa bonde.

Takriban nusu karne baadaye, mkoa huohuo, ambao wakati huo uliitwa Shaba, ulichaguliwa tena kwa mradi uliobuniwa ng'ambo. Safari hii kilichotafutwa hakikuwa madini wala maji, bali njia ya kwenda angani. Makala haya yanachunguza mradi huo wa kampuni ya OTRAG, ambao ni miongoni mwa majaribio ya kwanza duniani ya kuufanya usafiri wa anga za juu kuwa biashara ya watu binafsi.

2.0 Kampuni na Mkataba

OTRAG ilianzishwa Ujerumani Magharibi katikati ya miaka ya 1970 na mhandisi Lutz Kayser. Fedha zake zilitoka kwa wawekezaji binafsi waliovutiwa pia na nafuu ya kodi. Mwenyekiti wa baraza lake la usimamizi alikuwa Kurt Debus, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Anga cha Kennedy huko Marekani, na ambaye kabla ya hapo alishiriki katika kazi ya makombora ya V-2 ya Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Wazo la Kayser lilikuwa jepesi kulieleza. Badala ya kuunda injini moja kubwa ya gharama, aliunda mabomba membamba yanayofanana, yenye mafuta ya taa na asidi ya nitriki, ili yafungwe pamoja kama kuni katika mzigo. Aliyetaka kupeleka mzigo mzito angeongeza mabomba. Vipuri vilinunuliwa viwandani. Hata vali ziliendeshwa kwa mota ndogo za aina itumikayo katika vifuta-kioo vya magari.

Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kurushia. Mkataba na serikali ya Rais Mobutu uliipa kampuni haki ya kutumia eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 hadi mwaka 2000. Kituo kilijengwa kwenye uwanda wa juu wa Kapani Tono, juu ya bonde la mto Luvua, mamia ya kilomita kaskazini-mashariki ya Kapolowe. Sababu za kitaalamu zilikuwapo: karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupata mwendo. Sababu nyingine ni kwamba nchi hiyo ilihesabiwa kuwa tupu. Mkataba ulipochapishwa mwaka 1977, wasomaji waliona kwamba kampuni iliweza hata kuomba wakazi wahamishwe.

Hapa lugha yenyewe inatoa ushahidi. Mswahili akisema "pori" hasemi mahali pasipo na mwenyewe. Pori lina wawindaji, warina asali, njia na makaburi. Upana wa nchi uliosomwa katika ramani kama utupu ulikuwa, kwa wenyeji, akiba ya maisha.

3.0 Kurusha Katikati ya Vita

Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, wakati mapigano ya vita vya kwanza vya Shaba yalikuwa bado hayajakwisha. Ya pili ilirushwa tarehe 20 Mei 1978, siku moja tu baada ya askari wa miavuli wa Ufaransa kuanza kushuka Kolwezi. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilishindwa mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe: ilipoteza mwelekeo na kuanguka.

Katika mazingira hayo, ilikuwa vigumu kwa majirani kuamini kwamba roketi ni chombo cha biashara tu. Angola na Umoja wa Kisovyeti zilidai kuwa Ujerumani Magharibi inajaribu silaha kwa siri. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 ulikuwa umekwisha kuamua kwamba dola huwajibika kwa shughuli za angani za kampuni zake; basi lawama zilifika hadi Bonn. Mwaka 1979 Mobutu aliufunga mradi. Kampuni ilihamia Libya, na mwaka 1983 ilirusha roketi kutoka Esrange, Uswidi. Haikufikisha setilaiti hata moja katika mzingo wa dunia.

4.0 Hitimisho

Wazo la biashara ya anga halikufa. Tarehe 28 Septemba 2008, Falcon 1 ya kampuni ya Marekani ya SpaceX ilifika katika mzingo wa dunia, ikiwa roketi ya kwanza ya mafuta ya maji iliyoundwa na kampuni binafsi kufanya hivyo. Falcon 9, iliyofuata mwaka 2010, huinuka kwa injini tisa zinazofanana zilizofungwa pamoja. Setilaiti za Starlink za kampuni hiyohiyo zilipata leseni ya kuhudumia Kongo mwaka 2025.

Kwa hiyo Katanga si mgeni katika historia hii. Ilitoa ardhi kabla ya wengi kuwazia biashara hiyo. Lakini bonde la Lufira lilipogeuzwa ziwa, angalau wavuvi walibakiwa na samaki. Wenyeji wa Luvua hawakubakiwa na shule ya ufundi wala sauti katika mkataba. Mradi mwingine wa anga utakapobisha hodi, swali la kwanza lisiwe roketi itafika juu kiasi gani, bali ni nani aliyeulizwa kabla ardhi haijaitwa tupu.