Nyumba za Mizimu za Unguja: Tunaogopa Giza, Kumbe Mambo Yalifanyika Mchana Kweupe

Watu wangu, tuanzie mbali kidogo. Kule California, ndani ya Disneyland, kuna jumba linaitwa Haunted Mansion. Lilifunguliwa Agosti 1969 na mpaka leo watu wanapanga foleni. Unakaa kwenye kigari cheusi, kinakuzungusha gizani, mizimu inacheza dansi, unapiga kelele, unatoka unacheka. Wenyewe wanasema mle ndani inaishi mizimu 999 na nafasi ya mmoja imebaki. Huyo mmoja ni wewe.

Unguja hatuna kigari. Ila nyumba za kutisha tunazo, na foleni ipo pia. Tofauti ni kwamba kule watu wanatoka wanacheka. Hapa wanatoka kimya, halafu wanaulizana watakula wapi mchana.

Wikiendi moja nilimtembeza binamu yangu na rafiki zake wawili kutoka Dar. Hawakutaka fukwe wala pomboo. "Sisi tupeleke kwenye mizimu," binamu aliniambia. Sawa, twende zetu.

Kituo cha kwanza: Shangani

Tukaanzia nyumba ya Tippu Tip. Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, aliyefika mpaka ndani kabisa ya Kongo. Alifariki mji huuhuu mwaka 1905. Mlango wake wa nakshi wageni wanaupiga picha kila siku, na mtaani stori ni ya zamani kwamba nyumba ile ina mizimu ya watumwa. Ukipita usiku utasikia mambo.

Binamu akatoa simu, akarekodi klipu kwa sauti ya kunong'ona, yaani utadhani yumo kwenye sinema. Mimi najiuliza tu: nyumba ile imekaliwa na watu kawaida miaka nenda rudi. Wamepika humo, wamefua, wamelea watoto. Mizimu ikawaacha?

Kinachonitisha mimi kwa Tippu Tip ni kitabu chake. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, na ni moja ya tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu. Isome. Utangoja sehemu anayoshtuka usingizini, au anayosema moyo ulimuuma. Hutaiona. Ni safari, pembe, bunduki, madeni, vita, watu waliokamatwa, halafu safari tena. Anasimulia kama mtu anayekupa hesabu za duka. Hakuna mzimu hata mmoja mle, na ndiyo maana kinatisha.

Kituo cha pili: Mkunazini

Hapa ndipo kila mtu anapafahamu. Kanisa kuu la Anglikana, na pembeni jengo la St. Monica's lenye vyumba vya chini. Unateremka ngazi, unainama, dari iko karibu na kichwa. Kuna mabaraza ya mawe, vitundu vidogo vya mwanga, na minyororo. Utaambiwa watumwa zaidi ya hamsini walirundikwa chumba kimoja wakingoja kuuzwa. Rafiki mmoja wa binamu, yule aliyekuwa anachekesha njia nzima, alikaa barazani akaacha kuongea. Mwenzake akapiga selfi ameshika mnyororo, kisha nikamwona anaifuta.

Sasa kaa chini nikupe jambo ambalo wengi hawaambiwi. Wanahistoria kadhaa, wakiwemo wa hapahapa Zanzibar, wanasema vyumba vile havikuwa vya watumwa. Jengo la juu yake lilijengwa na wamisionari kwa huduma zao, na wakati huo soko lilikuwa limeshafungwa miaka mingi. Mkataba wa kulifunga Sultani Barghash aliutia saini Juni 1873, chini ya shinikizo la Waingereza na tishio la manowari zao, na ujenzi wa kanisa ukaanza papo hapo sokoni. Yaani ngazi ulizoteremka ukitetemeka, huenda mtumwa hakuwahi kuziteremka.

Nilipowaambia, binamu alikasirika. "Kwa hiyo tumelipia uongo?"

Nikamwambia hapana, subiri. Soko lilikuwepo kweli, na lilikuwepo hapohapo Mkunazini. Ila lilikuwa juu, uwanjani, juani. Ukiingia kanisani utaonyeshwa alama kwenye sakafu mbele ya madhabahu, mahali panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia watu. Wageni wengi wanapita hapo haraka kwa sababu pana mwanga na hapatishi.

Wako walioliona soko la Unguja kwa macho yao wakaandika. Mmoja ni kapteni Mwingereza, Thomas Smee, aliyefika mwaka 1811, soko likiwa bado halijahamia Mkunazini. Anasema shughuli ilianza kama saa kumi jioni. Watu walisafishwa, wakapakwa mafuta ya nazi mpaka ngozi ing'ae, nyuso zikachorwa rangi, wakavishwa mapambo. Wakapangwa mstari, watoto wadogo mbele, wakubwa nyuma, wakatembezwa mtaani huku mwenye mali akitangaza bei. Mteja akitaka kununua anasimamisha mstari, anakagua meno, anakagua mwili.

Saa kumi jioni, ndugu yangu. Saa ambayo mimi na wewe tunaoga tujipange kwenda Forodhani. Watu walikuwa wanapita na vikapu vyao, wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, na mstari ule unapita katikati yao. Hakuna aliyehitaji giza kwa sababu hakuna aliyeona la kuficha. Ilikuwa halali, ilikuwa na bei, na forodhani ilitozwa ushuru kwa kila kichwa.

Kituo cha tatu: Mangapwani

Ukitaka giza la kweli, panda gari uelekee kaskazini, kama kilomita 20 kutoka mjini. Mangapwani kuna chumba kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kimeezekwa juu, ngazi nyembamba zinashuka ndani. Ukiwa mbali hukioni. Ukiwa ndani unataka kutoka. Sote wanne hatukukaa dakika tano.

Masimulizi yanasema kilitumika baada ya 1873. Yaani biashara ilipopigwa marufuku haikufa siku ile. Ilihamia shamba, karibu na bahari, watu wakafichwa mpaka chombo kije usiku. Hapo ndipo giza lilipoanza kufanya kazi. Mpaka sheria ilipokataza, hakuna aliyejisumbua kuchimba mwamba.

Na tusisahau, mkataba wa 1873 ulifunga masoko na kuzuia kusafirisha watu baharini tu. Mtu aliyekwisha kuwa mtumwa Unguja au Pemba aliendelea kuwa mtumwa. Amri ya kuondoa hadhi hiyo ilikuja 1897, miaka 24 baadaye, na hata hiyo iliwaacha masuria nje. Wao walingoja mpaka 1909.

Njiani kurudi, yule rafiki aliyenyamaza Mkunazini ndiye aliyevunja ukimya. Aliuliza swali ambalo sikulitegemea. "Waliouzwa hapa walikwenda wapi?"

Walikwenda wapi?

Sinema zimetuzoesha kufikiri kwamba wote walipakiwa wakapotea ng'ambo. Wengi kweli walipelekwa mbali, Uarabuni na kwingineko. Lakini kadiri karne ya 19 ilivyosonga na karafuu kushamiri, maelfu kwa maelfu hawakwenda popote. Walibaki hapahapa Unguja na Pemba. Walipanda mikarafuu, wakaipalilia, wakaichuma. Wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Watoto wao wakaingia madrasa, wakawa mafundi, wavuvi, mama ntilie, walimu.

Kwa hiyo tunapoulizana mizimu ya watumwa iko nyumba gani, jibu lake ni la kushtua kidogo. Haiko nyumba ile ya Shangani. Iko kwenye daladala asubuhi, inakwenda kazini. Ni sisi.

Na hilo hatulisemi. Muulize kijana yeyote wa mjini asili yake, atakutajia Shirazi, Oman, Yemen, Ngazija. Wote wana haki ya asili zao, sikatai. Lakini umewahi kusikia mtu anasema kwa sauti ya kawaida, "Bibi wa bibi yangu aliletwa hapa kwa kamba"? Mimi sijawahi. Maelfu waliletwa, halafu eti hakuna aliyezaliwa nao. Hiyo ndiyo stori ya mizimu inayotisha kuliko zote Unguja.

Usiku ule baada ya Isha nilimuuliza bibi yangu. Nilikuwa nimeshamuuliza utotoni, na jibu lilikuwa "kula ubwabwa wako." Safari hii akaanza na "yaliyopita si ndwele," akanyamaza. Nikasubiri. Nikamtilia chai. Kisha akaniambia kwamba bibi yake alikuwa akiitwa Mnyasa kisimani, na haikuwa kwa uzuri. Akaniambia jinsi alivyokuwa akirudi na ndoo bila kumjibu mtu. Halafu akanitajia jina lake, jina lenyewe, sio lile la kisimani. Lilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia. Sitaliandika hapa, kwa sababu bibi hakunipa nilitangaze. Ila nimeliandika kwenye daftari langu, na watoto wangu watalijua.

Sikwambii usiende Mkunazini. Nenda, lipa kiingilio, kwani sehemu hizi zinahitaji kutunzwa. Ukishuka kule chini, muulize kwa adabu anayekutembeza: jengo hili lilijengwa lini? Kisha panda juu, usimame pale penye jua, saa kumi jioni ukiweza, uangalie watu wanavyopita na shughuli zao. Pale ndipo palipotokea.

Halafu nenda nyumbani, weka simu pembeni, na umuulize bibi yako. Usimrekodi. Mtilie chai, usubiri. Lile jumba la California lina mizimu 999 ya kutungwa. Wa kwetu ni wa kweli, na waliobaki wanaojua majina yao wanazidi kupungua.