Maji Maji yafika Berlin: historia ya mitaa iliyobadilishwa kwa miguu

Agosti 23, 2025, katikati ya jiji la Berlin, mtaa uliojulikana kwa miaka mingi kama Mohrenstraße, jina linalotokana na neno la dharau kwa watu weusi, ulipewa jina jipya: Anton-Wilhelm-Amo-Straße. Amo alizaliwa Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ujerumani akiwa mtoto, na katika karne ya 18 akawa mwanafalsafa aliyefundisha vyuo vikuu vya Halle na Jena. Ubishi juu ya badiliko hilo ulifika mahakamani na haukutulia mpaka dakika za mwisho.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, habari nzito zaidi ilitangulia mwaka mmoja kamili, tarehe ileile, kaskazini ya jiji hilohilo. Agosti 23, 2024, siku ambayo UNESCO imeitenga kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake, mtaa wa Petersallee ulifutwa. Kipande chake kimoja sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Kiherero aliyeuawa Windhoek, Desemba 10, 1959, katika maandamano ya kupinga kuhamishwa kwa nguvu. Kipande cha pili kinaitwa Maji-Maji-Allee. Vita vya mababu zetu wa kusini, vilivyopiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, vina mtaa katika mji mkuu wa taifa lililowaua.

Vibao viliwekwa na wakuu wa wilaya ya Mitte, lakini mabadiliko yenyewe yalianzia mbali na ofisi zao. Kwa miaka mingi, watu wachache walikuwa wakiwachukua wenzao na kuwatembeza kwa miguu, kona hadi kona, wakieleza kila jina limetoka wapi. Miongoni mwao yuko Mtanzania mmoja, mwalimu kutoka Kilimanjaro, Mnyaka Sururu Mboro.

Bustani ya wanyama na watu

Eneo lenyewe huitwa Afrikanisches Viertel, na liko Wedding. Familia ikishuka kwenye treni ya chini ya ardhi ya mstari wa U6, kituo cha Afrikanische Straße, haihitaji ramani kujua imefika. Mtoto wa darasa la tatu anayejua kusoma atazitambua Tangastraße, Usambarastraße, Sansibarstraße, Ugandastraße na Kongostraße. Ipo hata Mohasistraße, kwa jina la ziwa la Rwanda. Ni majengo ya ghorofa chache, miti kando ya barabara na baiskeli zilizofungwa kwenye vyuma. Mtu asiyeambiwa kitu atadhani Wajerumani wa zamani waliipenda sana Afrika.

Mitaa ya kwanza, ya Kamerun na Togo, ilipewa majina hayo mwaka 1899, Ujerumani ikiwa na makoloni manne barani. Kisha akaja Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama kutoka Hamburg, aliyetaka kujenga kwenye vilima vya Rehberge, pembeni ya mitaa hiyo, bustani ya kuonyesha wanyama wa makoloni pamoja na watu wake. Si maneno ya kutia chumvi. Mwaka 1896, katika bustani ya Treptow kusini-mashariki mwa jiji, maonyesho ya kikoloni yaliwaweka hadharani watu zaidi ya 100 kutoka makoloni, wakiwemo Waswahili na Wamasai, wakitazamwa na umati kwa miezi kadhaa. Mmoja wao, Kwelle Ndumbe wa Kamerun, alijinunulia darubini ya kutazamia michezo ya jukwaani, akawa anawatazama waliokuja kumtazama.

Vita vya 1914 vilivunja mpango wa Hagenbeck. Majina yakabaki na kuongezeka, hata baada ya Ujerumani kunyang'anywa makoloni yote. Ghanastraße, iliyopewa jina 1958, ndiyo pekee iliyosalimu nchi huru.

Ahadi kwa bibi

Mboro alifika Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa masomo. Amesimulia mara nyingi kwamba bibi yake alipopata habari za safari alimpa kazi moja: akirudi, arudi na kichwa cha Mangi Meli. Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900, pamoja na wenzake 18. Wazee wa Uchagani wanaamini kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Berlin, na jambo hilo si la ajabu kwa anayejua bohari za makumbusho ya jiji hilo. Watafiti waliochunguza mkusanyiko mmoja tu walikuta mafuvu zaidi ya 1,100 ya watu wa Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda. Mwaka 2023, vipimo vya vinasaba viliunganisha mafuvu matatu na familia zilizo hai Tanzania. La Meli halikuwemo.

Mboro hakulipata fuvu, ila alilipata jina la mkoloni Carl Peters kwenye kibao cha Petersallee. Yeye na wenzake wa shirika la Berlin Postkolonial wakaanza kutembeza vikundi: madarasa ya shule, wanafunzi wa vyuo, wageni, wazazi na watoto wao. Ni kazi ya kusimama kwenye kona, mvua au baridi, na kueleza habari ileile upya kila mara.

Peters wawili, kibao kimoja

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Carl Peters anajulikana kwa kila aliyesoma historia ya Tanzania. Mwishoni mwa 1884 aliingia Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akawasainisha watawala mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Februari 27, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaizari akaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake. Mwaka 1891 Peters akatumwa Kilimanjaro akiwa mwakilishi wa serikali, na huko alimnyonga mtumishi wake Mabruk, kisha mwanamke aliyeitwa Jagodja. Kwa Waafrika alikuwa Mkono wa Damu. Hata Wajerumani wenyewe walimchoka: mbunge August Bebel alimuanika bungeni 1896, na mwaka uliofuata alifukuzwa kazi na kunyimwa pensheni.

Waliomrudishia hadhi ni Manazi. Mwaka 1939 walimpa mtaa mpana katikati ya Afrikanisches Viertel, na mwaka 1941 wakamtengenezea filamu ya kumsifu. Manazi wakaanguka, mtaa ukabaki.

Miaka ya 1980, sauti za kupinga jina hilo zilipopanda, wakuu wa Wedding walipata hila. Mwaka 1986 walitangaza kwamba Petersallee kuanzia sasa inamheshimu mtu mwingine kabisa: Profesa Hans Peters, mwanasheria aliyeupinga utawala wa Hitler na baadaye akawa diwani wa Berlin. Kikabandikwa kibati kidogo cha maelezo pamoja na kile cha jina, na kazi ikaisha. Hakuna aliyebadilisha anwani, hakuna barua iliyopotea posta. Mtaa ulikuwa umezungukwa na Lüderitzstraße na Nachtigalplatz, majina ya waliofungua milango ya ukoloni Namibia, Togo na Kamerun, halafu mpita njia aamini kwamba huyu Peters wa katikati ni mwingine!

Hila hiyo iliishi karibu miaka 40. Waongozaji wa matembezi waliigeuza kuwa somo: waliwasimamisha wageni chini ya kibao, wakawaonyesha kile kibati kidogo, wakauliza ni Peters yupi aliyekuwa hapa kwanza. Ubishi ulizidi kiasi kwamba jiwe la maelezo lililowekwa 2012 kwenye kona ya Otawistraße na Müllerstraße lina maandishi mawili tofauti, upande huu ya baraza la wilaya na upande ule ya mashirika ya Waafrika na wenzao, kwa kuwa hawakukubaliana waandike nini.

Mwaka 2016 baraza liliamua majina matatu yaondoke. Mwaka uliofuata jopo la kuchagua mbadala likamtaja Malkia Nzinga wa Ndongo na Matamba, na moto ukawaka: wapinzani wakasema naye alishiriki biashara ya watumwa. Wakaazi wengine waliunda kikundi cha kutetea majina ya zamani, wenye maduka wakalalamikia gharama za kubadilisha anwani, pingamizi zikamiminika, kesi zikafuata. Nzinga akaachwa, na 2018 baraza likapitisha majina mengine. Desemba 2022, Lüderitzstraße ikawa Cornelius-Fredericks-Straße, kwa jina la kiongozi wa Wanama aliyefia kambi ya Wajerumani katika kisiwa cha Papa (Shark Island), na Nachtigalplatz ikawa Manga-Bell-Platz, kwa Rudolf na Emily Duala Manga Bell. Petersallee, kwa sababu ya wale Peters wawili, ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Walalamikaji walishikilia kwamba mtaa ni wa Hans, basi hauna kosa. Hoja hiyo haikuuokoa.

Mahali pengine mambo yalikwenda kwa haraka zaidi. Huko Neukölln, mtaa wa Hermann von Wissmann, aliyezima vita vya Abushiri vya kuwapinga Wajerumani, ulipewa jina la Lucy Lameck mwaka 2021. Mzaliwa huyo wa Moshi alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia bungeni na serikalini katika Tanganyika huru.

Waswahili tusiowafundisha

Matembezi yakiishia Wedding huwa yamewaacha nyuma watu wawili wetu. Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, na ambaye mchango wake ndio uti wa mgongo wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha 1903. Alioa Mjerumani. Mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, wakuu wa koloni Dar es Salaam walimkatalia mke kushuka melini. Mtoro akageuza safari, akafia Ujerumani mwaka 1927.

Wa pili ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na yeye mwenyewe askari akiwa bado mtoto katika vita vya kwanza. Alikwenda Berlin 1929 kudai mshahara wa baba yake na wake, akaambiwa amechelewa. Akabaki. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, mwalimu wa Kiswahili chuoni, na mwigizaji wa filamu, ikiwemo ile ya kumsifu Carl Peters. Mwaka huohuo wa filamu, 1941, alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia kambi ya Sachsenhausen, Novemba 24, 1944. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst ndiye aliyekusanya maisha yake kitabuni. Mbele ya nyumba namba 193, Brunnenstraße, kuna jiwe dogo la shaba la upana wa sentimita 10 lenye jina lake, lililopachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu mwaka 2007. Asiyeinama halioni.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea kwa maovu ya ukoloni, mbele ya jamaa wa Chifu Songea Mbano. Likawa jambo jema, na tukapiga makofi. Lakini tujiulize: ni mwanafunzi gani wa sekondari Tanzania anayeweza kusema Husen alikuwa nani? Ni shule ngapi za Tanga zimewahi kuwapeleka watoto Pangani, waoneshwe mahali Abushiri aliponyongwa Desemba 1889? Wajerumani wamefundishwa historia yetu na mwalimu wetu, kwa miguu, mtaani kwao. Sisi tunaisubiri ije na wajumbe na hotuba.

Familia zetu zilizoko Ulaya zina nafasi. Zikifika Berlin, zisiishie kupiga picha Brandenburger Tor. Mwendo mfupi kutoka hapo, Wilhelmstraße 92, kuna kibao mahali ulipofanyika mkutano wa 1884 na 1885. Kutoka hapo waende Brunnenstraße, kisha Wedding, na watoto wasome majina ya vibao kwa sauti. Ubalozi wetu Berlin, pamoja na walimu wa historia, watoe kijitabu cha Kiswahili cha njia hiyo. Na halmashauri za Bagamoyo, Pangani, Kilwa na Moshi ziweke njia kama hizo nyumbani, zenye vibao vinavyosomeka na waongozaji wanaolipwa. Mti alionyongewa Mangi Meli bado umesimama Old Moshi. Watoto wa shule wapelekwe wakauone, na wasimuliwe ni kwa nini bibi mmoja wa Kilimanjaro alidai kichwa kutoka Berlin.